Njia za Mji Unaokua, na Wajibu Wetu Sisi Wenye Viwanja

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni, Dar es Salaam)



 Bwana Katibu aliponiandikia barua kuniomba niseme neno, aliniambia nichague jambo lolote lenye manufaa kwa wanachama. Nilifikiri juu ya mengi: mishahara, masomo ya watoto, malipo ya uzeeni. Lakini hayo twayasema kila tunapokutana, na wapo humu ndani wanaoyajua kuliko mimi. Basi nimechagua jambo ambalo twalikanyaga kwa miguu yetu kila siku wala hatulitazami. Nataka kusema habari za njia za mitaani, jinsi zinavyoungana au zinavyotengana mji unapokua.

Najua wapo watakaosema kwamba habari za njia ni kazi ya wapima ardhi na wahandisi; makarani wana nini nazo? Nawaomba mnivumilie. Katika mkutano ujao tutapiga kura juu ya shamba ambalo chama chetu chataka kulinunua kando ya mji, ili wanachama tugawane viwanja. Yafaa kabla ya kura hiyo tujue ni kitu gani tunachokigawa, na ni kitu gani kisichofaa kugawanywa kabisa.

Kwanza nieleze maana ya njia kuungana. Simameni kwa fikira zenu mahali njia zinapokutana, mhesabu ni ngapi zitokazo hapo. Zikiwa nne, mtu aliyefika kwa njia moja ana tatu za kuendelea na safari yake. Zikiwa tatu, ana mbili. Lakini akiwa amefika kwenye ncha ya njia isiyotoka, hana ila kurudi alikotoka. Wataalamu wa miji huhesabu makutano yote ya mji pamoja na ncha zote zisizotoka, kisha hutafuta wastani. Wastani ukiwa mkubwa, mji ule umeungana. Ukiwa mdogo, mji umetengana, hata kama nyumba zake zimebanana. Hapana uganga ndani ya jambo hili. Ni hesabu ambayo kila karani aiweza.

Tufanye mfano. Chukueni karatasi ya daftari yenye miraba. Chora njia nne za kwenda juu na nne za kukatiza, kila moja ikiwa hatua 100 mbali na mwenziwe. Mtapata makutano 16. Mtu akitaka kwenda toka pembe ya chini ya kushoto hata pembe ya juu ya kulia, bila kurudi nyuma hata hatua moja, anazo njia 20 za kuchagua, na zote ni za urefu mmoja. Asiyesadiki na achore nyumbani kwake usiku huu, ahesabu. Sasa futa njia zote za kukatiza, ubakize ile moja ya chini tu. Nyumba ni zile zile, watu ni wale wale. Lakini zile njia 20 zimekuwa moja. Gari likikwama hapo, au mvua ikichimba shimo, mtaa mzima umefungwa. Tena majirani wawili wakaao juu, mmoja kushoto na mmoja kulia, waliokuwa wakitembeleana kwa hatua 300, sasa hawana budi kushuka, kukatiza na kupanda tena, yaani hatua 900. Hakuna aliyehama, lakini wamekuwa mbali mara tatu.

Hiyo ndiyo maana ya mji kutawanyika. Tumezoea kudhani kwamba mji hutawanyika kwa sababu umekwenda mbali, toka bahari mpaka Kibamba na Chanika. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mji hutawanyika pia pale watu wanapokaa karibu na njia zao zisikutane.

Tuutazame basi mji wetu wenyewe. Dar es Salaam ilianzwa na Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860. Wajerumani waliifanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891, na kabla ya vita ya 1914 walikuwa wameanza kupanga mji wa Waafrika upande wa magharibi wa Mnazi Mmoja, kwa mitaa iliyonyooka na kukatana. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, waliweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi waliokuwa wakiitwa Carrier Corps, na jina hilo katika vinywa vya watu likawa Kariakoo. Baada ya vita watu walijenga nyumba zao katika mistari ya mitaa ile.

Sisemi kwamba mistari ile ilichorwa kwa kutupenda. Mji uligawanywa sehemu tatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuwatenga watu na watu. Tena mitaa iliyonyooka ilimfaa mtawala, maana nyumba zilihesabika upesi na kodi ilikusanyika. Walakini tazameni yaliyotokea baadaye. Nyumba za kwanza za Kariakoo zilikuwa za udongo na makuti. Hizo zilikwisha, zikaja za matofali na mabati, zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Nazo nyingi zimekwisha, na siku hizi mahali pake pamesimama majengo ya ghorofa nyingi. Wenye nyumba wamebadilika, serikali zimebadilika, biashara zimebadilika. Lakini Mtaa wa Msimbazi uko pale pale, na Mtaa wa Swahili, na Mtaa wa Sikukuu. Mtu aliyezitembea njia zile kijana angezitambua akiwa mzee, ijapokuwa hangeiona nyumba hata moja aliyoijua.

Neno nililokuja kuwaambia, Bwana Mwenyekiti, ni hilo: nyumba hubomoka, lakini njia hudumu. Na kama vile njia nzuri inavyodumu, kasoro ya njia nayo hudumu. Anayeweka kigingi cha kwanza shambani anawapangia wajukuu wake mwendo, awe anajua au hajui.

Sasa tuone jinsi mji ulivyokua baadaye. Katika hesabu ya watu ya 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu 128,742. Mwaka 1967 walikuwa 272,821. Katika sensa ya 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Maana yake katika miaka 55 watu wamezidi karibu mara 20. Ukuaji huu ulifuata barabara kuu nne ziendazo nje ya mji: Barabara ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu ambayo siku hizi ni ya Nyerere, na ya Kilwa. Ukiutazama mji katika ramani, waonekana kama mkono uliokunjua vidole. Serikali ilipima viwanja mara kwa mara, kama vile Sinza na Kijitonyama katika miaka ya 1970, na viwanja 20,000 katika mradi ulioanza mwaka 2002. Lakini watu walikuwa wakija upesi kuliko minyororo ya wapimaji, na zaidi ya nusu ya wakazi wa mji wamejenga mahali ambapo hapakupimwa kwanza.

Mahali hapo hugeukaje kuwa mji? Kila mmoja wetu amekwisha kuona. Mwenye shamba la mikorosho auza kipande cha mbele kwa mtu wa kwanza, karibu na barabara. Mwaka wa pili auza kipande cha nyuma, na mnunuzi aachiwa upenyo wa kuingilia. Mwaka wa tatu auza nyuma zaidi, na upenyo warefushwa. Kila mnunuzi auliza swali moja tu: nitaingiaje kwangu? Hakuna hata mmoja aulizaye: jirani yangu wa ubavuni atapitaje kuja kwangu? Mwenye shamba la pili afanya vivyo hivyo, na wa tatu. Mwisho wake mji huwa na umbo la mti: barabara kuu ndiyo shina, vijia ni matawi, na ncha za matawi hazigusani. Ndege aweza kuruka toka tawi hata tawi, lakini siafu hana budi kushuka mpaka shinani kisha apande tena. Sisi, mabwana, ndio siafu.

Basi tunashangaa kwa nini Barabara ya Morogoro imejaa alfajiri. Imejaa kwa sababu hata mtu aendaye kununua dawa mtaa wa pili hana njia ila hiyo. Serikali imefanya kazi kubwa: mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016, barabara ya juu pale Tazara ilifunguliwa mwaka 2018, na ile ya Ubungo mwaka 2021. Hayo ni mambo ya kushukuru. Lakini kunenepesha shina hakuunganishi matawi. Na pale shina lenyewe linapozibwa, kama Morogoro inavyofungwa pale Jangwani mto Msimbazi ukifurika, waliozoea njia moja hukaa wakingoja maji yapungue.

Mtu aweza kunijibu: wewe wataka mitaa yote iwe kama Kariakoo, iliyonyooka kwa rula. La, sitaki hivyo. Kunyooka si kuungana. Aliyefika Unguja anajua Mji Mkongwe. Vichochoro vyake vimepinda, mgeni hupotea mara ya kwanza, lakini vingi hutokea upande wa pili, na mwenyeji aweza kwenda sokoni leo kwa huku na kesho kwa kule. Tena tazameni mitaa yetu ya zamani isiyopimwa, kama Manzese na Buguruni. Magari hupita kwa shida, hiyo ni kweli, na moto ukitokea ni hatari kubwa. Lakini mtu wa miguu hupita kati ya nyumba na nyumba, chini ya mapaa, akisema hodi na samahani, mpaka atokee anakotaka. Maskini wasio na fedha ya ukuta walibakiza njia bila kukusudia.

Ni nani basi anayeziba? Hapa ndipo neno langu litakapokuwa chungu kidogo, nami nitaanza kulionja mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kiwanja kando ya mji. Sitataja mahali. Ubavuni mwa kiwanja palikuwa na kijia kilichokanyagwa tangu siku za shamba, kikipita chini ya mwembe. Nilimwuliza muuzaji, “Kijia hiki ni cha nani?” Akanijibu, “Si cha mtu.” Nami neno hilo nililielewa vibaya. Nilidhani kwamba kisicho cha mtu ni changu. Kumbe kisicho cha mtu ni cha watu wote. Nilipopata mkopo wangu nikajenga ukuta mpaka kwenye mpaka, na mwembe ukawa ndani. Siku chache baadaye alikuja bibi mmoja mzee akaaye nyuma yangu. Alinisalimu vizuri, akasema, “Baba, umetufungia njia.” Mimi, kwa kuwa ni karani, nilimletea karatasi ya mauzo nikamwambia, “Bibi, tazama, njia haikuandikwa humu.” Bibi hakujua kusoma. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akaniaga, akarudi kwake kwa kuzunguka.

Mwaka uliofuata, usiku wa mvua, mjukuu wa bibi yule alishikwa na uchungu wa kuzaa. Gari liliitwa, likaja mpaka upande wangu, maana ndipo gari linapofika. Kwa kijia kile cha zamani zilikuwa hatua 80 toka kitandani mwake hata garini. Vijana walimbeba kwa kuzunguka ukuta wangu na kuta za wenzangu, hatua zaidi ya 600, katika matope. Mtoto alizaliwa njiani, mbele ya lango langu, nami nikashika taa. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu mama na mtoto walipona. Lakini tangu usiku ule karatasi yangu ya mauzo siioni kuwa na nguvu kama nilivyodhani.

Nikavunja ukuta wa ubavuni, nikauweka ndani hatua mbili, nikaukata mwembe. Hadithi ingeishia hapo ingekuwa nzuri. Haikuishia hapo. Nilipofungua upande wangu, niliona kwamba mbele yangu mwenzangu amekwisha kujenga ukuta na choo juu ya kijia kile kile, kwa sababu aliponunua yeye alikuta kimekwisha kuzibwa na mimi. Yeye hana kosa. Alifuata mfano wa mtu mwenye kusoma. Kubomoa choo chake kuna gharama, naye ataka kulipwa, na haki yake ataka. Mpaka leo majirani tunachanga. Kijia kilichokuwa bure sasa kina bei, na mimi niliyekifungua nina uchochoro mzuri usiotoka.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika habari ya njia nimejifunza kinyume chake: ukijenga ukuta upesi, utatafuta ufa baadaye kwa fedha nyingi.

Mabibi na mabwana, jambo hili halikutupata sisi peke yetu, na yafaa tujifunze kwa waliotutangulia. Mji wa New York ulitengenezewa ramani ya mitaa mwaka 1811. Wakati ule mji ulikuwa na watu chini ya 100,000, waliokaa katika ncha ya kusini ya kisiwa. Lakini wachoraji walichora mitaa ya kukatana mpaka Mtaa wa 155, juu ya mashamba na vilima ambako hapakuwa na mji. Wengi waliwalaumu. Baadaye mji uliwafikia, ukajaza mistari yao, na majengo marefu ya leo yamesimama kando ya njia zilizochorwa kabla ya hapo kuwa mji.

Huko huko Marekani watu walibadili mawazo katika karne ya 20. Mwaka 1929 ulianza kujengwa mji mdogo wa Radburn, New Jersey, ambao nyumba zake zilikaa kwenye njia fupi zisizotoka, ili magari yasiwasumbue watoto. Waliobuni mji ule waliweka pia vijia vya miguu, ili watembeao waungane ijapokuwa magari hayaungani. Baadaye idara ya serikali yao iliyodhamini mikopo ya nyumba, iliyoundwa mwaka 1934, iliwashauri wajenzi waache mitaa ya kukatana. Wajenzi wengi wakachukua zile njia zisizotoka, wakaviacha vijia. Waliiga nusu ya wazo, nayo ndiyo nusu mbaya.

Mwaka 2015 wataalamu wawili, Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, walitangaza hesabu ya njia za Marekani kwa muda wa karne nzima. Waliona kwamba mitaa mipya iliendelea kutengana mpaka karibu na mwaka 1994, kisha mwendo ukageuka, na mitaa mipya ikaanza tena kuungana. Basi ugonjwa huo una dawa; watu wakiamua, waweza kugeuka. Lakini dawa hiyo ni ya mitaa mipya. Ile iliyokwisha kujengwa kwa kutengana ni vigumu mno kuiunganisha, maana kila upenyo una nyumba ya mtu. Mwaka 2020 wataalamu hao walitangaza hesabu ya dunia nzima, wakaona kwamba katika sehemu nyingi njia mpya tangu mwaka 1975 zimekuwa zikizidi kutengana. Wao wanajaribu kurudi tulikotoka, na sisi twakimbilia wanakotoka.

Sasa nirudi kwenye shamba letu, maana ndilo lililonileta mbele yenu. Tufanye hesabu. Tuseme shamba ni la ekari 20, yaani karibu mita za mraba 81,000. Tukiziachia njia sehemu 15 katika kila 100, tutapata viwanja 114 vya mita za mraba 600, na kila kimoja mita 20 kwa 30. Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa lashauri kwamba njia za mji ziachiwe angalau sehemu 30 katika 100. Tukifuata shauri hilo, na tukitaka wanachama wale wale 114 wapate, kila kiwanja kitakuwa mita za mraba 497, yaani mita 20 kwa 25 hivi. Tofauti yote, mabwana, ni mita tano za nyuma ya nyumba. Kwa mita hizo tano kila mmoja wetu atanunua gari la zimamoto lifikalo mlangoni, mtoto aendaye shule bila kuvuka barabara kuu, na jeneza linalotoka bila kuinuliwa juu ya ukuta.

Najua majibu matatu yatakayotolewa, nami nayaheshimu.

La kwanza ni kwamba njia inayotoka huleta wezi. Ni kweli kwamba mtaa usiopitwa una utulivu, na mimi sipendi kelele kuliko ninyi. Lakini mtaa usiopitwa hauna pia macho ya wapitao, na mwizi akiisha kuingia uani hapana wa kumwona. Na kama ni magari tunayoyaogopa, twaweza kusimamisha nguzo, magari yakome hapo na miguu iendelee. Tusilifunge lango kwa mama mwenye mzigo kichwani kwa sababu ya pikipiki.

La pili ni kwamba ardhi ni ghali, wala hapana mtu awezaye kutoa bure. Nami nauliza: kiwanja kisichofikika kina bei gani? Anayeitoa njia hatoi sadaka. Aweka thamani ndani ya kiwanja chake.

La tatu ni kwamba serikali itakuja baadaye kupanga. Sisi tulio watumishi wa serikali hatuna ruhusa ya kusema hivyo, maana twajua jalada linavyotembea. Kazi ya kurasimisha makazi ipo, nayo ni njema. Lakini afisa ajaye baada ya nyumba kujengwa hana la kufanya ila kuomba na kubembeleza, huyu atoe hatua moja na yule hatua mbili. Ajaye kabla ya nyumba aweka vigingi tu.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba yafuatayo yaandikwe katika kumbukumbu, yaletwe katika mkutano ujao kama pendekezo.

Kwanza, njia za shamba letu zipimwe kabla ya viwanja, na vigingi vyake viwekwe kabla ya fedha ya mwanachama yeyote kupokewa.

Pili, vijia vyote vinavyokanyagwa na wenyeji leo viulizwe na viandikwe, na kamati isimtegemee mwenye shamba peke yake. Iwaulize wazee waishio kando ya shamba, wanaojua kusoma na wasiojua.

Tatu, kila njia yetu iendelee mpaka kwenye mpaka wa shamba, na mwisho wake pasiwekwe kiwanja cha mtu. Jirani atakapouza shamba lake, nalo litauzwa, akute njia yamngoja.

Nne, pasiwe na urefu wa hatua zaidi ya 100 usio na njia ya kukatiza, hata kama ni ya miguu tu yenye upana wa mita mbili.

Tano, katika karatasi ya mauzo ya kila mwanachama yaandikwe wazi maneno haya: njia iliyo kando ya kiwanja hiki ni ya watu wote, wala hakuna awezaye kuijengea. Mimi nilimwonyesha bibi mzee karatasi isiyokuwa na neno hilo. Na liwemo.

Wapo watakaoona kwamba nimefanya jambo dogo kuwa kubwa. Lakini sisi makarani twajua kuliko wengi jinsi jambo dogo lisiloandikwa siku ya kwanza linavyozaa majalada kumi baadaye. Kila mmoja wetu humu ataacha nyumba, nayo watoto watauza, au watabomoa, au watapandisha ghorofa. Njia ndiyo watakayoiacha kama walivyoikuta. Basi tuwaachie inayotoka.

Mtoto yule aliyezaliwa mbele ya lango langu sasa aenda shule. Kila asubuhi apita kwa kuzunguka, na kila asubuhi huniamkia, “Shikamoo, babu.” Nami huitika marahaba, nikajua hatua zake ni ngapi.